Joto la Mlangilangi wa Al Barsha

Mkisikia kuna mzee amestaafu kazi ya kupasha joto Dubai, mtacheka. Chekeni. Mimi mwenyewe, nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba kazi yangu ni kuhakikisha mti haupati baridi katika mji huu, nilimtazama aliyenieleza nikadhani jua limempiga kichwani. Ulikuwa mwezi wa saba, mtu huwezi kugusa kitasa cha mlango kwa mkono mtupu, naye ananipa habari za hita.

Jina langu Faki, mtu wa Pemba. Nimefanya kazi ya bustani katika jumba moja la Al Barsha kwa miaka kumi na sita. Sasa nimekaa Al Mankhool, chumbani kwa mpwa wangu, nangoja siku ya safari ya kurudi kwetu. Vijana wawili anaoishi nao wameanza kazi za bustani kwenye majumba ya watu, na mmoja wao amekabidhiwa nyumba ya vioo. Kila akirudi kazini ananiuliza hili na lile, nami namjibu nusu nusu kwa uvivu. Nikaona bora niandike, asome yeye na wasome wenzake.

Nitawaambia namna ya kulinda joto, kwa kuwa hilo nalijua. Nitawaambia pia habari ya Neema, msichana wa Njombe aliyenifundisha nusu ya hayo ninayoyajua, na aliyerudishwa kwao kwa kosa langu mimi. Mkitaka ya joto peke yake, mtanisamehe. Kwangu mambo hayo mawili hayaachani.

Kwanza, msiidharau baridi ya hapa. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, mchana ni raha tupu, watu wanakaa nje na chai. Jua likishatua, upepo unatoka upande wa jangwani, na ifikapo alfajiri bustani imepoa mpaka bomba la maji linauma mkono. Kwa mtu ni sweta tu. Kwa mti wa kwetu ni msiba.

Mti wenyewe ulikuwa mlangilangi. Kwa msioujua, ni mti wa maua ya manjano yenye kulegea, harufu yake ikiingia chumbani hata mgonjwa anageuza kichwa. Kwetu wanawake hulitia ua lake nywelani na kwenye mafuta ya nazi, na maharusi hutandaziwa kitandani pamoja na asumini. Mwenye nyumba, ambaye wageni wakimwita madam na sisi tukimwita Bibi, alizaliwa Unguja akaondoka msichana mdogo. Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyoondoka nacho. Alikuwa na nyumba kubwa, magari, wajukuu wanaozungumza lugha tatu, na kitu kimoja tu cha kwao, mlangilangi katika pipa kubwa ndani ya nyumba ya vioo nyuma ya jiko. Mimi niliajiriwa kwa sababu moja. Aliposikia natoka Pemba alisema, "Basi huyu ataujua."

Sikuujua. Pemba mlangilangi haulindwi na mtu. Unapandwa, mvua inanyesha, unachanua. Kazi ya Mungu hiyo, na mimi nikaja kulipwa mshahara kwa kazi ya Mungu.

Msimu wa kwanza wa baridi nilifanya kila kosa linalowezekana. Niliambiwa nitunze joto, basi nikaifunga nyumba ya vioo usiku na mchana. Saa saba mchana jua la Dubai, hata la mwezi wa kwanza, likipiga kwenye vioo vilivyofungwa, ndani panakuwa tanuri. Majani yalilegea, mengine yakaungua ncha. Nikaogopa. Kesho yake nikafungua kila kitu mpaka magharibi, kisha nikamwaga maji mengi kuuponya mti na kiu. Bibi alikuja na fimbo yake, akatia kidole kwenye udongo ulioloa, akanitazama.

"Faki, mtoto wako humkogesha magharibi kwa maji ya baridi, kisha ukamlaza nje?"

"Hapana, Bibi."

"Basi na huyu ni mtoto."

Tangu siku hiyo sikumwagia maji jioni. Mwagilieni asubuhi, jua likishapanda, kwa maji yaliyokaa ndani usiku kucha na kupoteza ubaridi wa bomba. Udongo uliolowa usiku huwa baridi kuliko hewa yenyewe, na mizizi ndiyo inayougua mwanzo. Majani huja kusema baadaye, wakati umeshachelewa.

La pili ni nyufa. Hita unaweza kununua kubwa kama kabati, ikiwa vioo vina mwanya unapasha joto mtaa mzima. Bibi ndiye aliyenifundisha kuzitafuta. Siku yenye upepo, washa kijiti cha ubani, tembea nacho polepole ukifuata kona na fremu za madirisha. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Moshi ukipinda, hapo ndipo mwizi anapoingilia. Nilizipata nyufa ishirini na kitu, nikaziziba kwa gundi ya vioo. Halafu nikabandika kwa ndani ile plastiki ya malengelenge ya hewa wanayofungia vyombo visivunjike, ukuta mzima wa kaskazini na nusu ya paa. Fundi mmoja alinicheka akaniuliza kama nahama na mti. Lakini hita, iliyokuwa ikifanya kazi usiku kucha, ikaanza kupumzika.

Na la tatu, ambalo ndilo kubwa, sikulipata kwangu wala kwa Bibi.

Neema alikuja kufanya kazi za ndani nilipokuwa na miaka minne pale. Msichana wa miaka ishirini na saba hivi, Mkristo, mcheshi, mwenye kuimba nyimbo za kanisani huku anapiga pasi. Kila asubuhi akiniletea chai bustanini ananisalimu, "Shikamoo, mzee Faki," hata siku alizokuwa amenuna. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba ya matofali, na kila mwezi akipokea picha alinionyesha ukuta umefika wapi. Mwezi huu madirishani, mwezi ule kwenye linta, juu ya milango. Nilimtania kwamba nyumba ile ikiisha nitakwenda kukaa mimi, yeye atabaki Dubai kupiga pasi.

Nilidhani mtu wa Bara hana la kunifundisha kuhusu mlangilangi. Siku moja akanikuta nasukuma hita huku na huku, mara naiweka karibu na mti, mara mbali. Nilikuwa nimeshaunguza tawi moja kwa kuiweka karibu mno. Akasimama na kikombe mkononi, anacheka.

"Mzee Faki, wewe baridi huijui."

"Na wewe waijua?"

"Mimi natoka Njombe! Kwetu mwezi wa sita asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Baba alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya. Ukilala bila kufanya kitu, asubuhi unakuta yote imeiva kama mchicha."

"Alikuwa na hita?"

"Hita ya wapi? Alikuwa na madumu." Akaweka kikombe chini, akanionyesha kwa mikono. "Unajaza maji madumu, unayapaka rangi nyeusi, unayapanga pale jua linapopiga. Mchana yanakula jua. Usiku yanalitoa kidogo kidogo. Unafunga madirisha jua likiwa bado lina nguvu. Ukingoja lizame, umefungia baridi."

Nilibisha, kwa sababu nilikuwa mkubwa na yeye mdogo. Baadaye, asiponiona, nikaokota madumu ya lita ishirini ya mafuta ya kupikia kutoka jikoni, nikayaosha, nikayapaka rangi nyeusi. Nikayapanga kumi na manane kuzunguka pipa la mlangilangi. Usiku wa kwanza sikuamini themomita, nikaigonga kwa kidole. Ilikuwa imeshuka nyuzi mbili tu tangu jioni, na hita haikuwaka hata mara moja.

Basi shikeni hili, vijana wangu. Joto la usiku hutengenezwa mchana. Nyumba ile ilikuwa na madirisha manne ya paani, ya kufungwa kwa mpini wa kuzungusha. Saa nne asubuhi nilifungua mawili kupunguza mvuke, na saa tisa alasiri, jua lingali kali, nilifunga yote manne. Ukifunga saa kumi na mbili ukasema umefunga, umejidanganya. Saa tisa. Hata mgeni aje, hata simu ilie, saa tisa uko kwenye madirisha.

Bibi aliyaona madumu akafurahi. "Akili hii umeipata wapi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Ni ujuzi tu, Bibi." Neema alikuwa anapita na kapu la nguo. Alinitazama akatabasamu, akaendelea na safari yake. Huo ulikuwa wizi wangu wa kwanza kwake, na kwa kuwa ulikuwa mdogo sikuuhesabu.

Mwaka uliofuata mjukuu mkubwa wa Bibi aliposwa. Harusi ikapangwa mwezi wa kwanza, na Bibi akasema neno moja tu kuhusu harusi yote ile ya mahoteli na mapambo. Kitanda cha bibi harusi kitandazwe langilangi la mti wake mwenyewe, kama mama yake alivyomtandazia dada yake mkubwa Unguja. Mti nao ukasikia. Kwa yale madumu na zile nyufa nilizoziba, ulitoa vitumba ambavyo haujawahi kutoa, na wiki moja kabla ya harusi vikaanza kufunguka. Bibi alikuwa akija kila siku kuvihesabu kwa ncha ya fimbo.

Siku moja Neema alimletea kahawa mle ndani. Alipoingia, akaona mti mzima umejaa, akapiga makofi.

"Jamani! Maua yote haya! Sijawahi kuona mti umejaa hivi!"

Bibi akageuka upesi. "Sema mashaallah."

Neema akacheka, kwa sababu kwao mtu akisifu kitu anasifu tu. "Haya, mashaallah, Bibi," akasema.

"Ungelitanguliza," Bibi akasema, na hakunywa ile kahawa.

Mnajua wenyewe watu wa pwani tulivyo. Mtoto mnene usimsifu kabla hujamtaja Mola, chungu cha wali usikisifu, jicho litakiharibu. Mimi nilikuwepo, nikaona ni jambo la kupita.

Kisha zikaja taa. Sir, mtoto wa kiume wa Bibi, alileta mafundi wakaipamba nyumba kuanzia paani mpaka getini, taa maelfu. Kila zikiwashwa pamoja na hita yangu, umeme wa upande wote wa jikoni ulikatika. Mara ya tatu sir akatoka na hasira.

"Faki, heater khalas mpaka harusi ipite. Nimeshawalipa watu wa taa."

"Sir, maua…"

"Khalas, Faki, basi. Siku nne tu."

Siku hiyo kulikuwa na wingu tangu asubuhi, jua halikutoka, na madumu hayakupata cha kula. Upepo wa jangwani ulianza alasiri. Nilishika dumu moja kwa kiganja, likawa baridi kama ukuta wa msikiti alfajiri. Nikaingiwa na hofu. Si hofu ya maua peke yake, niseme kweli. Niliogopa Bibi asije akaona kwamba mtu wa Pemba hajui kitu bila umeme.

Jikoni kulikuwa na chetezo kikubwa cha shaba cha Bibi, cha kufukizia nguo za harusi. Nikamwambia Neema nataka mkaa.

"Wa nini?"

"Wa kutia joto kule ndani."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Mzee Faki, usifanye hivyo. Mkaa kwenye nyumba iliyofungwa ni sumu. Kwetu tumezika watu, familia nzima, kwa jiko la mkaa chumbani."

"Hao watu. Miti haina mapua."

"Kila kinachoota kinavuta hewa," akasema. "Funika na mablanketi. Nitakusaidia."

Nikamwambia awashughulikie wageni na pasi zake. Baada ya magharibi nilijaza mkaa kile chetezo mpaka juu, nikauacha ushike, nikakitia chini ya mlangilangi, nikafunga mlango. Nilifurahi hata nikaongeza chembe ya udi, pawe na harufu ya harusi. Mnaona ujinga ulivyo na mapambo yake?

Asubuhi nilipofungua mlango, kichwa kiliniuma palepale. Ndani palikuwa na joto zuri, sikatai. Na sakafu yote ilikuwa ya manjano. Vitumba vimeanguka, maua yaliyofunguka yameanguka, na majani ya chini yamegeuka rangi. Nilikaa chini nikayashika. Yalikuwa laini, mazima, kama yaliyochumwa na mtu. Baadaye nilielezwa na mtaalamu wa miche kwamba moshi wa mkaa una hewa ambayo mti ukiivuta hudhani wakati wake umekwisha, ukaachilia kila kitu. Basi hilo ni la nne, na mlishike kuliko yote. Mkaa, mafuta ya taa, kuni, chochote chenye moto wa wazi, kisiingie katika nyumba iliyofungwa. Kitaua maua, na ukiingia bila kufungua mlango kwanza, kitakuua na wewe.

Nilifungua madirisha yote manne, nikakitoa chetezo, nikakirudisha jikoni na majivu yake, nikaenda kusubiri.

Bibi hakupiga kelele. Ingelikuwa afadhali. Alisimama mlangoni amejishika fremu, fimbo imemwanguka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu." Basi. Kisha akaniuliza.

"Faki, wewe mtu wa Pemba, miti waijua. Huu umepatwa na nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Mkaa. Ni neno dogo, mtoto wa miaka miwili analitamka. Nikamwambia, "Allahu aalam, Bibi."

Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Tazameni nilivyofanya. Sikusema uongo, maana ni kweli Mungu anajua. Nililichukua jina lake nikajifichia nyuma yake.

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Mimi najua," akasema. "Ni jicho la yule msichana."

Nilinyamaza. Nilijiambia hasira zake zitapoa. Nilijiambia nitasema jioni, wageni wakishaondoka. Nilijiambia kwamba nina watoto wanne skuli na kwamba Neema ni kijana, atapata kazi popote. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Mtego wangu ulikuwa kwamba kila saa iliyopita ilifanya neno lilelile dogo kuwa zito zaidi, mpaka ikawa siwezi tena kulisema bila kueleza kwa nini sikulisema mwanzo.

Kesho yake Neema aliambiwa afunge mizigo. Sir alipiga simu kwenye ofisi iliyomleta, akasema mama hataki kumwona ndani ya nyumba siku ya harusi. Mkataba wake ulikuwa bado mwaka mmoja na zaidi. Sikumsikia akilia wala akibishana. Gari la ofisi lilikuja siku iliyofuata alasiri, na mimi nilikuwa kwenye nyumba ya vioo, kwa sababu ilikuwa saa tisa.

Kitanda cha bibi harusi kilitandazwa mawaridi ya kununua.

Mti haukufa. Uliachia majani nusu, ukakaa uchi msimu mzima, mwaka wa pili ukarudi. Mimi nikawa hodari. Nilipanga madumu ishirini na manne badala ya kumi na manane. Nilitundika pazia la plastiki katikati ya nyumba ili msimu wa baridi nipashe joto upande wenye mti tu, nusu nyingine niiache, na hilo nawapa bure. Msipashe joto hewa isiyo na mtu wala mti. Niliweka matandazo ya makumbi ya nazi juu ya udongo. Majirani wa Bibi walikuja kuangalia, wakawaleta watunza bustani wao, na Bibi alisimama kati yao akasema, "Huyu Faki wangu ana akili, haya madumu kayabuni mwenyewe." Miaka tisa nilisifiwa kwa madumu ya baba yake Neema. Kila sifa ilinichoma, na nisiwafiche, kila sifa niliipokea.

Nilijaribu kumwambia Bibi. Mnaweza kusema nilichelewa, nami nasema nilichagua kuchelewa. Alikuwa ameshakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha magurudumu, nikimsukuma mpaka kwenye nyumba ya vioo apigwe na vuguvugu. Siku hiyo mlangilangi ulikuwa na maua matatu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, mwaka wa harusi, maua yalipoanguka. Haikuwa jicho. Mimi nilitia mkaa humu. Neema alinikataza, sikumsikia."

Alinitazama kwa upole. "Neema nani?" akauliza.

Nikamweleza. Msichana wa Njombe, aliyekuwa akiimba. Akatabasamu, akanyoosha mkono akagusa ua. "Huyo mimi simjui, mwanangu. Nichumie lile la juu." Nikamchumia.

Alifariki mwaka jana. Haikupita miezi mitatu sir akavunja nyumba ya vioo, akaweka banda la magari. Sikumlaumu, mali ni yake. Mlangilangi tuliutoa na pipa lake nje, kwenye ukuta wa mashariki. Niliufunika kwa mablanketi kila jioni, nikaupangia madumu, lakini bila vioo madumu ni maji tu. Usiku wa tatu wa baridi ya mwezi wa kwanza, mti ukafa. Nikaukata mwenyewe, kisha nikaomba ruhusa ya kuacha kazi.

Nilipohamia hapa Al Mankhool nikawa na nafasi ya kufikiri, na hakuna kibaya kama hicho. Kuna binti mmoja wa Makambako, kazi yake hotelini Al Rigga, huja Ijumaa kumsalimu jirani yetu. Nikamuuliza kama kwao anamjua Neema fulani aliyewahi kufanya kazi Dubai. Akauliza nyumbani, nyumbani wakauliza kanisani, na wiki ya pili akaniletea namba. Nilikaa nayo siku sita.

Aliyepokea alikuwa na sauti ileile, imekuwa nzito kidogo. Nikataja jina langu. Akasema lile neno ambalo sikustahili.

"Shikamoo, mzee Faki."

"Marahaba," nikasema. Nikaulizia mama yake. Alishafariki. Nikaulizia nyumba.

"Kuta zipo," akasema. "Iliishia kwenye linta. Tunawekea kuni."

Nikamwambia yote, moja kwa moja, bila kumtaja Mungu mahali pasipostahili. Mkaa, Allahu aalam, madumu, sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atashangaa.

"Mzee Faki," akasema, "kile chetezo alikiosha nani?"

"Chetezo kipi?" nikauliza.

"Kile chetezo cha Bibi. Ulikirudisha jikoni kimejaa majivu mpaka juu. Nikakiosha mimi, kwa sababu walikuwa wanakitaka kwa nguo za harusi. Nilijua tangu asubuhi ile kabla Bibi hajaamka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nani angenisikia? Mimi si ndiye mwenye jicho? Nikisema mimi, ningekuwa najitetea. Ilikuwa ya kusema wewe." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni. "Nilikungoja siku mbili. Hata gari lilipokuja. Nilikuona kupitia vioo unafunga madirisha. Nikamwambia dereva, subiri kidogo, yule mzee akimaliza madirisha atakuja. Akasubiri. Akasubiri tena. Mwisho akasema yalla, twende, dada, kuna foleni."

Aliniambia ameshanisamehe, na kwamba ana kitalu sasa, miche ya parachichi, na madumu yake ni hamsini. Alisema nikifika salama nimjulishe. Ni mwema, hilo halijabadilika. Lakini tangu nilipokata simu ile sijapata usingizi wa maana.

Maana yale madirisha yalikuwa manne, vijana wangu. Mpini mmoja ni zungusha mara kumi, dirisha limefungwa. Yote manne hayafiki dakika tatu. Alasiri ile niliyafunga, nikayafungua, nikayafunga tena, sijui mara ngapi, nimeipa nyumba mgongo, mpaka niliposikia geti.